Mtu na mnyoo wana idadi moja ya jeni: protini nyingi zinatoka wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa biolojia wa shule ya upili kisiwani Lamu. Wanafunzi wake wa Kidato cha Nne wamesoma kwamba binadamu ana jeni karibu sawa kwa idadi na mnyoo mdogo wa udongoni, nao wanataka kujua wingi wa protini zetu unatoka wapi. Kitabu kimoja kinawaambia ni jeni kujirudufu. Kingine kinasema jeni moja hukatwa na kuunganishwa kwa njia nyingi. Mwalimu anauliza ni ipi iliyofanya kazi kubwa zaidi katika mageuko ya viumbe, na ataionyeshaje darasani bila maabara.

Mwalimu, idadi waliyoisoma ni sahihi. Mnyoo *Caenorhabditis elegans* ana jeni za protini zipatazo 20,000, na binadamu yuko papo hapo, pengine pungufu kidogo. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya protini mpya katika mageuko ililetwa na urudufu wa jeni. Kazi ya uunganishaji mbadala ni kuchagua vipande gani vitumike, katika seli gani, na wakati gani. Tena mara nyingi vipande vyenyewe vinavyochaguliwa vilizaliwa kwa urudufu, na jambo hili la mwisho hupotea kabisa tukiziweka njia hizi mbili zishindane.

Nianze na uunganishaji, kwa sababu ndio unaotiwa chumvi zaidi.

Mwaka 1977 Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na timu yake, waligundua kupitia virusi vya adeno kwamba jeni inaweza kuwa imeandikwa vipande vipande. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Vipande vinavyobaki katika RNA iliyokamilika huitwa eksoni, na vinavyotolewa huitwa introni. Karibu kila introni huanza na GU na kuishia na AG. Inayokata na kuunganisha ni splaisosomu, mtambo wa RNA ndogo tano (U1, U2, U4, U5 na U6) pamoja na protini zaidi ya 100. Mtambo huo unaweza kuruka eksoni, kuchagua moja kati ya mbili, kukata mbele au nyuma kidogo, au kuiacha introni ndani. Katika binadamu, zaidi ya asilimia 90 ya jeni zenye eksoni nyingi hutoa RNA za aina zaidi ya moja.

Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba jeni 20,000 zinatoa protini laki kadhaa. Polepole! RNA kuwepo ni jambo moja, protini inayofanya kazi ni jambo jingine, na kinachotenganisha mawili hayo ni hesabu ya darasa la tatu. Herufi za RNA husomwa tatu tatu. Ukiondoa eksoni ambayo urefu wake haugawanyiki kwa 3, kila kinachofuata kitasomwa upande, na punde alama ya kusimama itajitokeza mahali pasipo pake.

Chukua HBB, jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini. Ina eksoni tatu, na sehemu zake zinazotafsiriwa kuwa protini ni herufi 92, 223 na 129. Jumla ni 444, yaani kodoni (utatu wa herufi) 148: asidi amino 147 na alama moja ya kusimama. Asidi ya kwanza, methionini, hukatwa baadaye, ndiyo maana mnyororo uliokamilika una 146. Sasa ruka eksoni ya katikati. Kwa kuwa 223 haigawanyiki kwa 3, hutapata himoglobini fupi, utapata takataka. Seli nayo ina ulinzi wake: alama ya kusimama ikitokea zaidi ya herufi 50 hivi kabla ya kiungo cha mwisho cha eksoni, RNA hiyo kwa kawaida huharibiwa kabla haijaleta madhara. RNA nyingi zinazohesabiwa kama "matoleo" ya jeni ni za aina hii.

Kosa dogo latosha. Katika introni ya kwanza ya HBB, herufi ya 110 ikibadilika kutoka G kuwa A, huzuka AG mpya kabla ya ile ya kweli. Splaisosomu hukata hapo, na herufi 19 za introni hubaki ndani ya RNA. 19 nayo haigawanyiki kwa 3. Hicho ni chanzo kimoja kikubwa cha thalasemia ya beta, ugonjwa wa kukosa himoglobini ya kutosha, katika nchi za Mediterania.

Eksoni inayoweza kurukwa salama basi ni ile inayogawanyika kwa 3, na inayobeba kipande cha protini kinachojitegemea kwa umbo. Mfano mzuri ni fibronektini. Ini hutengeneza fibronektini ya kwenye damu bila vipande viwili viitwavyo EDA na EDB, ilhali seli za kijusi na za jeraha linalopona huviweka. EDA ina asidi amino 90 na EDB 91, yaani herufi 270 na 273. Zote zinagawanyika kwa 3. Lakini angalia vilikotoka. Fibronektini imejengwa kwa vikunjo, yaani vipande vya protini vinavyojikunja vyenyewe, vinavyofanana, vilivyorudufiwa mara nyingi ndani ya jeni moja, na EDA na EDB ni viwili kati ya hivyo. Urudufu ulivileta kwanza, kisha uunganishaji ukaamua viwekwe wapi.

Sasa urudufu wenyewe. Jeni huzaa nakala kwa njia tatu kuu. Ya kwanza hutokea wakati wa kuunda mbegu za uzazi: kromosomu mbili zikipangana vibaya na kubadilishana vipande visivyolingana, moja huondoka na nakala ya ziada na nyingine hupungukiwa. Ya pili, RNA iliyokwisha kukatwa hugeuzwa tena kuwa DNA na kupachikwa kwingine. Nakala hiyo haina introni, na kwa kuwa haikuja na kidhibiti cha kuiwasha, mara nyingi haifanyi lolote. Ya tatu ni kromosomu zote kurudufika kwa pamoja. Michael Lynch na John Conery walikadiria mwaka 2000 kwamba kila jeni hurudufika kwa wastani wa mara 0.01 katika miaka milioni 1. Kwa jeni 20,000 hizo ni nakala 200 kila miaka milioni. Nyingi hufa ndani ya miaka milioni chache, kwa sababu nakala isiyohitajika haina kinachoilinda dhidi ya makosa.

Kwa darasa la pwani, sijui mfano unaoshinda ukoo wa himoglobini. Kwenye kromosomu ya 11 jeni za ukoo wa beta zimepangwa hivi: epsiloni, gama-G, gama-A, beta-bandia, delta, beta. Zile zinazofanya kazi zote zina eksoni tatu na introni mbili, na introni hizo zimekaa mahali pale pale. Ni vigumu kutaka ushahidi bora wa kwamba zimetoka kwa mzazi mmoja. Mpangilio wake pia hufuata umri: epsiloni huwaka katika wiki za kwanza za mimba, gama hufuata mpaka kuzaliwa, kisha beta hushika kazi.

Hatima zote za nakala zimo humo. Beta-bandia imekufa kama jeni ya protini. Delta inafanya kazi, lakini kwa unyonge: himoglobini yake ni asilimia 2 hadi 3 tu ya ile ya mtu mzima. Gama ilipata tabia mpya. Mahali ambapo beta ina histidini, nafasi ya 143, gama ina serini, kwa hiyo haishiki vizuri molekuli ya BPG inayolegeza oksijeni. Matokeo yake himoglobini ya kijusi hushika oksijeni kwa nguvu zaidi na kuivuta kutoka damu ya mama kwenye kondo. Gama-G na gama-A zenyewe zinatofautiana kwa asidi amino moja tu, glisini au alanini katika nafasi ya 136. Hao ni mapacha wa juzi.

Thamani ya nakala hiyo ya kijusi inaonekana kwa mtoto mwenye selimundu. Kosa liko kwenye beta, kodoni ya sita. Miezi ya mwanzo mtoto huwa salama kwa kuwa gama bado ipo, na dalili huja inapozimika. Dawa ya haidroksiyurea husaidia kwa kiasi kikubwa kwa kuongeza himoglobini ya kijusi. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, huhariri kidhibiti cha BCL11A, jeni inayoizima gama, ili gama iwake tena. Kama himoglobini zetu zote zingekuwa matoleo ya jeni moja iliyounganishwa kwa njia tofauti, kosa lililo katika eksoni ya pamoja lingeziharibu zote, na pasingekuwa na nakala nzima ya kuamsha.

Kwenye kromosomu ya 16 kuna jeni mbili za alfa, mnyororo mwenza wa beta katika himoglobini, HBA1 na HBA2, ambazo protini zake ni sawasawa. Hapa nakala imebaki kwa sababu ya kiasi, maana alfa inatakiwa kwa wingi. Kwa kuwa zinafanana na zimekaa jirani, hupangana vibaya, na kipande cha herufi elfu 3.7 hukatika. Kromosomu moja hubaki na alfa moja, nyingine hupata tatu. Kukatika huko, kuitwako alfa-thalasemia, kumeenea sana Pwani ya Kenya kwa sababu hupunguza malaria kali. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha jambo la ajabu: mtu anayerithi alfa-thalasemia pamoja na selimundu ya mzazi mmoja tu hupoteza kinga ambayo kila moja ingempa peke yake. Kilifi hiyo hiyo ina mfano mwingine, kundi la damu la Dantu, lililotokana na jeni za glaikoforini, protini za uso wa seli nyekundu, kurudufika na kuchanganyika. Aliyerithi Dantu kwa wazazi wote wawili ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo wanafunzi wasidhani urudufu ni habari za zama za samaki tu.

Nije kwenye kiini cha swali: njia hizi zinatofautianaje katika mageuko? Mwenye dau moja la kuvulia na kuvushia watu Shela hawezi kulipanua kwa ajili ya abiria bila kuharibu uvuvi wake. Akipata la pili, kila moja litachongwa kwa kazi yake. Jeni yenye matoleo mawili iko kwenye hali ya dau moja: eksoni za pamoja haziwezi kubadilika kwa faida ya toleo moja bila kuligusa la pili. Urudufu huvunja kifungo hicho. Susumu Ohno alilisisitiza hilo mwaka 1970, ingawa aliweka uzito mno kwenye kazi mpya. Mwaka 1999 Allan Force, Lynch na wenzao walionyesha njia iliyo rahisi zaidi: kila nakala hupoteza sehemu tofauti ya kazi ya zamani, na baada ya hapo zote mbili zinahitajika.

Kuna jeni moja inayoonyesha toleo likigeuka kuwa nakala. Katika panya na binadamu, MITF ni jeni moja yenye eksoni za kwanza tofauti. Toleo moja hutumika katika seli za rangi za ngozi, jingine katika tabaka jeusi la nyuma ya jicho. Samaki aina ya zebra ana jeni mbili, mitfa na mitfb. Ukiharibu mitfa, samaki hukosa madoa meusi mwilini lakini macho yake hubaki na rangi. Nakala hiyo ni ya urudufu wa kromosomu zote uliompata babu wa samaki wa mifupa wa kisasa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Changu, tafi, nguru na kolekole wa soko lolote la Lamu au Malindi wote ni wa uzao huo. Papa na taa hawamo. Wala silakanti hayumo, yule samaki wa kale aliyenaswa na meli ya uvuvi nje ya Malindi mwaka 2001.

Je, basi ni kanuni kwamba nakala zikiongezeka matoleo hupungua? Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni zenye ndugu wengi zina matoleo machache, na wengi wakaona njia hizi hupokezana kazi. Mwaka 2011 Julien Roux na Marc Robinson-Rechavi walitoa maelezo ambayo mimi nayaona mazito zaidi: jeni huongeza matoleo kadiri inavyozeeka, na zinazorudufika na kudumu ni zile ambazo tangu mwanzo zilikuwa na matoleo machache. MITF ni kisa cha kweli. Si kanuni.

Mfano unaopendwa kuliko yote ni Dscam1 ya nzi wa matunda, nami naupenda kwa sababu tofauti na wengi. Eksoni ya 4 ina chaguo 12, ya 6 ina 48, ya 9 ina 33, ya 17 ina 2. Zidisha: matoleo 38,016. Neva za nzi huyatumia kutambua matawi yake zenyewe yasigongane. Lakini zile eksoni 48 zilizopangwa foleni zimefanana, kwa kuwa zilizaana kwa kurudufika. Binadamu hana hilo. Dscam zetu ni mbili na hazina wingi huo, na kazi hiyo katika neva zetu hufanywa kwa sehemu kubwa na protokadherini, ambazo ni zaidi ya 50 zilizopangwa kwa mfululizo, nazo pia zimetokana na urudufu. Njia mbili za kuchagua, malighafi moja. Tofauti iliyopo ni kwamba si kila eksoni mpya ni mtoto wa eksoni: nyingine huzuka kutoka Alu, vipande vinavyojinakili, ambavyo tuna zaidi ya milioni 1. Hizo mara nyingi huingia katika matoleo madogo yasiyo na uzito.

Kasi nayo isisahaulike. Kazi mbili zilizochapishwa mwaka 2012 zililinganisha viungo vya wanyama mbalimbali wenye uti wa mgongo. Kwa kiwango cha kuwaka kwa jeni, ini la mnyama mmoja hufanana na ini la mwingine. Kwa mtindo wa kuunganisha eksoni, mara nyingi viungo vya mnyama mmoja hufanana vyenyewe kwa vyenyewe. Uunganishaji hubadilika upesi. Kiasi gani cha mabadiliko hayo kina faida bado kunabishaniwa: vipimo vya protini zenyewe huonyesha kuwa jeni nyingi zina toleo moja kuu, ila vipimo hivyo hukosa protini zilizo chache.

Mahali ambapo uunganishaji hauna mshindani ni pale miili miwili yenye jeni zile zile inapotakiwa kuwa tofauti. Mbu Anopheles jike huiweka eksoni ya 5 ya jeni ya doublesex, na dume huiruka. Mwaka 2018 timu ya Imperial College London ilielekeza kifaa cha kijenetiki kwenye mpaka wa eksoni hiyo. Majike waliorithi uharibifu kwa wazazi wote wawili hawakuzaa wala hawakuweza kuuma, madume hawakudhurika, na mbu waliofungiwa vizimbani waliisha ndani ya vizazi 7 hadi 11.

Kwa darasa, simu yenye intaneti yatosha. Fungua tovuti ya Ensembl, chagua binadamu, tafuta HBB. Katika orodha ya matoleo chukua lenye alama ya MANE Select, yaani toleo lililoteuliwa kuiwakilisha jeni, kisha fungua ukurasa wa eksoni zake. Eksoni ya katikati utaiona na herufi zake 223. Ya kwanza na ya mwisho zitaonekana ndefu kuliko nilivyoandika, kwa kuwa tovuti huhesabu pia ncha zisizotafsiriwa. Ya kwanza ina 50 za ziada. Wanafunzi wasigawanye urefu huo mzima kwa 3. Kisha fungua orodha ya jeni-ndugu, nao wataziona delta, gama na epsiloni. Rudieni kwa FN1, ambayo ni jeni ya fibronektini, mtafute eksoni za herufi 270 na 273.

Makosa mawili hurudi kila mara. La kwanza ni kuhesabu kila mstari wa orodha kama protini, wakati safu ya aina hueleza wazi kwamba baadhi ya RNA huharibiwa au zimebakiza introni. La pili huwapata hata wenye maabara: vipande vifupi vya RNA vinavyosomwa na mashine haviwezi kutenganisha HBA1 na HBA2 katika sehemu ya protini, kwa kuwa zinalingana mno. Programu hugawa kwa kubahatisha au hutupa vipande hivyo, kisha jeni moja huonekana imezimwa. Anayepima alfa-thalasemia kwa hiyo hutumia PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, inayovuka pengo lenyewe, akiweka vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) nje ya kipande kinachokatika, na kutazama ukubwa wa zao linalotoka.

Swali la mtihani: wape eksoni za katikati zenye herufi 223, 270, 91 na 273, waseme zipi zinaweza kurukwa bila kuvuruga usomaji, na kwa nini jibu lao peke yake halithibitishi kwamba protini itakayobaki itakunjika vizuri. Zinazorukika ni 270 na 273. Kwa sehemu ya pili mpe alama mwanafunzi atakayesema kwamba usomaji sahihi huokoa kinachofuata tu. Kipande kilichoondolewa kikiwa katikati ya kikunjo kimoja, umbo lote laweza kuporomoka.